Barabara ya Nani Itengenezwe Kwanza?



Kila mwaka mvua zinapoanza kupungua katika mji wetu, watu hutoka nje kutazama zilichoacha. Hapa kalvati limeng'oka, pale njia imegeuka korongo, na mahali pengine gari lililokuwa likifika mlangoni sasa huishia juu ya kilima. Ndipo maneno yanapoanza. Mtu wa Ujiji atasema Kigoma inapendelewa. Mtu wa Gungu atasema lami imeishia Mwanga. Mtu wa Bangwe atasema yeye amesahauliwa kabisa. Kila mmoja ana hoja yake, wala hakuna hoja isiyokuwa na chembe ya ukweli.

Hatukusudii kuamua ugomvi huo kwa kutaja mtaa mmoja na kuuacha mwingine. Tunataka kuuliza swali lililo chini yake, ambalo ni swali la haki kabla ya kuwa swali la fedha: ikiwa fedha hazitoshi barabara zote, na hazijapata kutosha, ni nani mwenye haki ya kutengenezewa kwanza?

Huenda wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wahandisi na madiwani, wala si ya gazeti la parishi. Sisi hatuoni hivyo. Mhandisi aweza kutuambia unene wa kifusi na upana wa mtaro. Lakini hesabu zake haziwezi kumwambia kama mama mjamzito wa mtaa wa mlimani ana uzito kuliko lori la saruji linalotoka bandarini. Hilo ni jambo la dhamiri, na dhamiri hatukumkabidhi diwani pamoja na kura zetu.

FEDHA HIZI NI ZA NANI?

Yafaa kwanza tuufahamu mfuko wenyewe. Tangu Julai 2017, barabara za mitaa yetu ziko mikononi mwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, na zile kubwa ziendazo mikoani ziko chini ya TANROADS. Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji haikuachwa bila kazi, kwa maana mapendekezo hutoka kwenye mitaa, hupita katika kata, na kufika kwenye baraza la madiwani kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Fedha za matengenezo hutoka zaidi katika tozo ya mafuta ya magari. Mwaka 2021 Bunge liliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Mwaka huo huo kodi ya majengo ilianza kukatwa kwa njia ya LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 1,500.

Sasa mfikirieni bibi anayeuza migebuka pale Kibirizi. Hana gari wala pikipiki. Hata hivyo samaki wake waliletwa na boti yenye mashine inayokunywa petroli, na unga anaopikia jioni uliletwa na lori. Tozo ile imo ndani ya bei ya kila kitu anachonunua. Kama amepanga chumba na ndiye anayenunua umeme, basi analipa pia kodi ya jengo, ingawa kwa sheria mdaiwa ni mwenye nyumba. Bibi huyo hakuona risiti iliyoandikwa neno "barabara", walakini ameilipia.

Kadhalika na mikopo. Mwaka 2010 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa mradi wa miji ya kimkakati, na mji wetu ukaingizwa pamoja na Arusha, Mwanza, Mbeya, Tanga, Mtwara na Dodoma. Baadaye umekuja mradi wa TACTIC wenye kuhusu miji 45, na kwetu umegusa pia soko la Mwanga na mwalo wa Katonga. Mikopo hii hulipwa na taifa zima, na sehemu yake italipwa na watoto ambao bado hawajazaliwa.

Basi jambo la kwanza la kushika ni hili: hakuna mkazi wa mji huu anayeweza kuambiwa, "Wewe subiri, maana hujachangia." Wote wamechangia. Barabara si zawadi ambayo mkubwa humpa amtakaye. Ni deni, na mwenye kudaiwa hana budi kueleza kwa nini anamlipa huyu leo na yule kesho.

BARABARA KWA AJILI YA NINI?

Jambo la pili, tusidhani kwamba kila barabara ni kitu chema kwa kuwa ni barabara. Sisi watu wa ufuko huu tunalo somo kubwa kuliko wengi. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, safari ya zaidi ya kilometa 1,000. Burton na Speke waliifuata hata wakafika hapa mwaka 1858, na Stanley akamkuta Livingstone hapa hapa mwaka 1871. Ilikuwa njia mashuhuri, yenye watu wengi na biashara nyingi. Lakini iliyopita juu yake ilikuwa pembe za ndovu na binadamu waliofungwa. Kama mtu angepima njia ile kwa mali iliyopita tu, angesema ni miundombinu bora kabisa ya wakati wake. Angepima kwa machozi, angesema vingine.

Kisha ikaja reli. Mwaka 1914 Wajerumani waliifikisha kwenye ghuba ya Kigoma, ambayo ina kina na imekingwa na upepo, wala hawakuifikisha Ujiji. Mji uliokuwa mkubwa katika ufuko wote ukawa wa pili, na kijiji jirani kikawa mji wa bandari. Wenyeji hawakuulizwa. Manung'uniko tunayoyasikia hata leo kati ya Ujiji na Kigoma yana mizizi katika uamuzi ule. Ndiyo maana twasema kwamba anayechagua njia ipite wapi anachagua pia watu: nani ainuke na nani abaki nyuma. Uchaguzi wa namna hiyo haufai kufanywa kwa kunong'ona.

MADAI MATATU

Twende basi kwenye swali lenyewe. Tukisikiliza vizuri, tutaona kwamba watu huleta madai ya namna tatu.

Dai la kwanza ni la mapato. Itengenezwe kwanza barabara ya bandari, ya soko na ya mwalo, maana huko ndiko mizigo ya Kongo na Burundi inakopita, na huko ndiko ushuru unakotoka. Dai hili lisidharauliwe. Lori likikwama, mpagazi hukosa ujira wa siku, na bei ya saruji hupanda mpaka kwa mjane anayetaka kuezua banda lake na kulijenga upya. Walakini lina kasoro moja. Mtaa wenye barabara hupata biashara. Ukipata biashara huwa na hoja ya kupata barabara nzuri zaidi. Mtaa usiokuwa na barabara hauwezi kuonyesha mapato, na kwa kuwa hauonyeshi mapato, haupati barabara. Tukifuata dai hili peke yake, foleni haitafika mwisho kamwe, maana wa mbele atarudi mbele kila mwaka.

Dai la pili ni la wingi. Itengenezwe njia wanayopita watu wengi. Hili nalo ni jema, na mara nyingi latosha. Lakini kuhesabu vichwa si sawa na kupima haja. Tuseme watu elfu moja wanacheleweshwa dakika kumi kila asubuhi na mashimo ya njia kuu. Na tuseme katika mtaa wa mlimani mwanamke mmoja ameshikwa na uchungu usiku, gari halifiki, anabebwa kwa kiti kuteremshwa kwenye korongo ili afikishwe Hospitali ya Maweni, na hafiki. Je, dakika zile za watu elfu zaweza kujumlishwa zikalingana na uhai wake? Sisi twasema haziwezi. Katika watu elfu wale hakuna hata mmoja aliyepoteza kilicho kikubwa. Kila mmoja wao akiulizwa peke yake kama angekubali kuchelewa dakika kumi ili yule mama aishi, angeona aibu kusita.

Dai la tatu halisikiki sana, maana wenye nalo wako chini bondeni na sauti yao haipandi mlimani. Ni dai la aliyeumizwa na kazi ya wengine. Hapa ndipo tunapotaka kukaa zaidi.

MAJI HUTAFUTA NJIA

Mji wetu umejengwa juu ya vilima vinavyoteremkia ziwani. Zamani mvua iliponyesha, majani na udongo vilikunywa sehemu kubwa ya maji. Leo juu kuna mabati, nyua za saruji na lami, na vitu hivi havinywi maji. Yote hutiririka. Lami ikiwekwa mlimani bila mtaro uliofikishwa mwisho wake, mwenye nyumba ya juu amepata barabara, na mwenye nyumba ya chini amepata mto. Huyo wa chini hakuomba kitu wala hakufanya kitu. Maendeleo ya jirani yake ndiyo yaliyomfikia kwa mlango wa nyuma.

Ziwa letu lenyewe latufundisha. Katika miaka ya 1870 maji ya Tanganyika yalikuwa yakipanda mwaka hata mwaka. Mnamo 1878 yalivunja kizuizi upande wa magharibi na kutoka kwa mto Lukuga kuelekea Kongo, na katika miaka iliyofuata yakashuka kwa mita 10 hivi. Ndiyo sababu mnara wa Livingstone pale Ujiji leo uko mbali na ufuko. Hata ziwa kubwa hivi, lenye kina kuliko maziwa yote ya Afrika, lilihitaji mtaro wake. Lakini bonde la Katubuka halina Lukuga. Maji ya mitaa iliyolizunguka hushuka humo na kukosa pa kutokea, na katika mvua za 2024 nyumba za watu zilizingirwa na maji. Kabla ya hapo, mwaka 2020 na 2021, ziwa lilipopanda tena, wenye vibanda na mialo ya Kibirizi nao walionja uchungu huo kutoka upande wa pili.

Mtu atasema, "Nani aliwaambia wajenge bondeni?" Tumjibu kwa upole. Wengi walijenga pale kwa sababu kiwanja cha mlimani hawakukiweza kwa bei, na wengine walijenga maji yakiwa bado mbali. Na hata tukisema kwamba mtu alichagua mahali pabaya, kosa la kuchagua vibaya halimpi jirani ruhusa ya kummwagia maji yake. Ni kweli kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ufuko, tena kuna mahali ambapo ardhi haiwezi kuokolewa. Basi hapo haki yataka watu wasaidiwe kuhama kwa heshima, na gharama hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya gharama za miundombinu, kama vile kokoto na lami.

Kutokana na hayo twaona utaratibu ambao dhamiri yaweza kuukubali. Kwanza, tuache kuumizana: penye barabara au mtaro wa umma unaopeleka maji katika nyumba za watu, hapo pawe pa kwanza. Pili, kilichokwisha kujengwa kitunzwe. Tatu, kila mtaa upate njia ya kupitika majira yote, hata kama ni ya changarawe, ili mgonjwa afike hospitali na mtoto afike shule. Nne, ndipo zije barabara pana na za kupendeza. Barabara ya bandari haipotezi kitu katika utaratibu huu, maana nayo ni ya kutunzwa. Kinachosogezwa nyuma ni fahari tu.

MTARO HAUKATIWI UTEPE

Kwa nini basi utaratibu huu ni mgumu kufuatwa? Kwa sababu mtaro ukifanya kazi yake vizuri, hakuna kinachotokea. Mvua hunyesha, maji huenda zake, watu hulala. Hakuna anayepiga makofi kwa sababu ya mafuriko ambayo hayakutokea. Barabara mpya ina siku ya kufunguliwa. Kuzibua kalvati hakuna siku. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kila mtu aijua methali hiyo, lakini mwenye kuziba ufa hajengewi sanamu.

Nchi yetu imewahi kulipia somo hili. Katika mpango wa Madaraka Mikoani ulioanza mwaka 1972, halmashauri za wilaya na za miji ziliondolewa, na kazi zao zikachukuliwa na wakuu wa serikali mikoani na wilayani. Kwa nia njema macho yote yakaelekea vijijini. Katika miji mashimo yakaongezeka, mitaro ikaziba, taka zikarundikana, na kipindupindu kilipoingia nchini katika miaka ile kikakuta mlango u wazi. Mwaka 1978 halmashauri za miji zilirudishwa. Hakuna aliyekuwa amekusudia kuua watu kwa mtaro uliozibwa. Lakini uzembe mdogo wa kila siku ulifanya kazi ambayo chuki haikufanya.

Wala tusiseme kwamba dawa ni fedha nyingi tu. Katika mkoa wetu yamejengwa madaraja ya mawe yenye matao, kwa mawe ya hapa hapa na mikono ya waashi wa hapa hapa, kwa gharama ndogo kuliko ya zege na nondo. Jiwe la Kigoma halikuagizwa ng'ambo. Akili ya namna hiyo ni sehemu ya haki pia, kwa maana kila shilingi iliyookolewa mahali pamoja yaweza kumfikia mtu mwingine aliye kwenye foleni.

ANAYENGOJA ANA HAKI YA KUJUA

Liko jambo moja zaidi. Hata utaratibu uwe wa haki namna gani, wako watakaongoja. Mtu aweza kuvumilia kungoja. Lisilovumilika ni kungoja bila kujua. Mwaka 2016 manispaa yetu ilichaguliwa kuwa miongoni mwa serikali 15 za kwanza za mahali, pamoja na Paris, Seoul na Elgeyo Marakwet ya Kenya, kujiunga na mpango wa kimataifa wa kuendesha serikali kwa uwazi. Mwaka 2017 Tanzania ilijitoa katika mpango huo, na ushiriki wa mji wetu ukakoma. Hatuna haja ya kubishana hapa juu ya sababu. Twasema tu kwamba uwazi hauhitaji mkataba wa ng'ambo. Karatasi moja kwenye ubao wa ofisi ya mtaa yatosha: barabara fulani imechaguliwa kwa sababu hii, gharama ni hii, mkandarasi ni huyu, na mtaa wenu uko wa ngapi. Mwenye kunyimwa leo akielezwa sababu, amehesabiwa kuwa mtu. Akinyamaziwa, hata akija kupewa kesho, ataamini kwamba alipewa kwa kujuana.

WAJIBU WETU

Mwisho tujitazame sisi wenyewe, maana ni rahisi kumdai diwani na kujisamehe. Tunaisoma habari ya Nehemia, ambaye kabla ya kusema neno alizunguka usiku na watu wachache kuuchunguza ukuta uliobomoka; na kazi ilipoanza, wengi walijenga sehemu iliyoelekea nyumba zao. Tena kazi ikiendelea alisimama kusikiliza kilio cha maskini waliokuwa wakielemewa na madeni. Hakusema, "Ngojeni kwanza ukuta uishe."

Basi na tuuchunguze mji kabla ya kusema. Mkutano wa mtaa ukiitishwa kupanga mambo ya mwaka, twende, na tusiende kupigania mlango wetu peke yake. Mwenye nyumba na amrudishie mpangaji fedha ya kodi ya jengo aliyokatwa kwenye umeme, maana deni lile si la mpangaji. Mtaro ulio mbele ya nyumba usifanywe jalala, kwa kuwa mfuko wa taka unaotupwa Mwanga waweza kusimamisha maji katika chumba cha mtu asiyejulikana. Na anayejenga mlimani ajiulize, kabla ya kusakafia ua wake, maji yake yatakwenda kwa nani.

Ikiwa baada ya hayo baraza litaamua kwamba barabara ya mtaa mwingine itangulie kwa sababu watu wa kule wanazama nasi tunasumbuliwa na vumbi tu, tuikubali sababu hiyo bila kinyongo. Vumbi hufutwa kwa kitambaa. Mwaka ujao tutauliza tena zamu yetu, na tutauliza tukiwa na haki ya kujibiwa.